Protini Zinapoganda: Selimundu, Maradhi ya Ubongo na Kazi ya Maabara

Katika kisiwa cha Pemba, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, yako maradhi mawili ambayo kwa macho hayana udugu wowote. Ya kwanza huwapata watoto: viungo huuma ghafla, macho huwa ya manjano, na damu hupungua mwilini. Ya pili aghalabu huwajia wazee: mkono hutetemeka ukiwa umetulia, hatua hufupika, mwili hukakamaa na uso hukosa bashasha. Ya kwanza huitwa selimundu. Ya pili ni maradhi ya Parkinson. Wako watu wanaoyahesabu ya kwanza kuwa ni mkosi wa ukoo, na ya pili kuwa ni uzee tu usio na dawa. Sayansi imeonyesha, hata hivyo, kwamba katika yote mawili hutokea jambo la namna moja: protini zilizokuwa zikielea kila moja peke yake ndani ya seli huanza kushikana, zikafanya nyuzi, na nyuzi hizo zikaharibu kazi ya seli.

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyozigandisha protini kwa makusudi maabarani, na sababu za kufanya hivyo. Ili jambo hilo lieleweke, ni vyema kuanza na damu, ambayo mwanafunzi anaifahamu zaidi, na kutoka hapo kuingia katika ubongo.

Protini na umbo lake

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Ziko aina 20 za shanga hizo, na mpangilio wake ndio unaoamua protini itajikunja vipi. Mmarekani Christian Anfinsen, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba mnyororo uliokunjuliwa unaweza kurudi wenyewe katika umbo lake la asili, kwa kuwa maelekezo ya umbo hilo yamo katika mpangilio wa asidi amino zake.

Umbo likiharibika, kazi nayo huharibika. Ute wa yai ni mfano ulio karibu na kila mtu. Ukiwa mbichi, protini zake huelea katika maji, na mwanga hupita. Ukichemshwa, minyororo hukunjuka na kushikana ovyo ovyo, na ute ukawa mweupe na mgumu. Madonge yanayozungumzwa hapa yana tofauti moja kubwa na ute wa yai: hayakushikana ovyo, bali yamejipanga kwa taratibu maalumu hata yakafanya nyuzi ndefu zinazorefuka kwa kuongezeka protini moja baada ya nyingine.

Tone la damu chini ya hadubini

Himoglobini ni protini iliyo ndani ya seli nyekundu za damu, na kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni hadi sehemu nyingine za mwili. Ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walitangaza kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu inatofautiana na ya mtu mzima wa afya. Mwaka 1957 Vernon Ingram, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, Uingereza, alibainisha tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, ile ya sita imebadilika. Mahali palipokuwa na asidi glutamiki pana valini.

Badiliko hilo moja linatosha. Valini ni asidi amino isiyopatana na maji. Himoglobini inapoachia oksijeni yake, valini hiyo hupata kishimo katika himoglobini jirani na kujibana humo. Jirani naye hushika mwingine, hata nyuzi zikajaa ndani ya seli na kuisukuma ipinde mfano wa mundu. Seli ya namna hiyo hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Jaribio la zamani la kutambua hali hiyo ni rahisi mno. Tone la damu huchanganywa juu ya kioo na mmumunyo wa sodiamu metabisulfiti wa asilimia 2, ambao huiondoa oksijeni. Tone hufunikwa kwa kioo chembamba, kando zake huzibwa ili hewa isiingie, na baada ya kama nusu saa huangaliwa kwa hadubini. Iwapo himoglobini ya selimundu imo, seli zitaonekana zimepinda. Mtaalamu kwa kufanya hivyo ameigandisha protini kwa makusudi, nje ya mwili, ili aone kile ambacho ndani ya mwili kimefichika.

Jaribio hili lina upungufu wake. Haliwezi kumtofautisha mtoto aliyerithi jini hiyo kwa wazazi wote wawili, ambaye ni mgonjwa, na yule aliyeirithi kwa mzazi mmoja, ambaye kwa kawaida ana afya njema. Kwa kazi hiyo hutumika elektroforesisi, yaani njia ya kuzitenganisha protini kwa nguvu ya umeme.

Utafiti wa jambo hili una mizizi katika Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo mwaka 1949. Aliona kwamba jini ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, palipokuwa na malaria kali, na haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wenye jini moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Pemba, ambako malaria ilikuwa tele hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, imo katika historia hiyo hiyo. Dawa za mseto zilizoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, pamoja na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, zimeipunguza sana malaria. Jini haiondoki kwa kasi hiyo; itaendelea kurithiwa kwa vizazi vingi.

Kuhesabu muda wa kusubiri

Faida kubwa ya kuigandisha protini katika chupa ni kwamba mtafiti anaweza kupima muda. Mwaka 1974 James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton waliichunguza himoglobini ya selimundu iliyosafishwa, wakaona jambo la ajabu. Oksijeni ikishaondolewa, nyuzi hazianzi kuonekana mara moja. Hupita muda wa kimya, kisha nyuzi huibuka kwa ghafla na kuenea upesi.

Sababu ya kimya hicho ni kwamba hatua za mwanzo ndizo ngumu. Himoglobini mbili au tatu zikikutana huachana tena. Hapana budi zikutane nyingi kwa wakati mmoja ili kifanyike kikundi imara, na kikundi hicho ndicho mbegu. Mbegu ikishapatikana, nyingine hujiunga nayo kwa urahisi.

Watafiti hao waligundua kwamba muda wa kusubiri hutegemea mno wingi wa himoglobini katika mmumunyo: muda hupungua kwa kadiri ya takriban kipeo cha 30 cha mkolezo wake. Mwanafunzi wa hesabu anaweza kuona maana yake. Mkolezo ukiongezeka kwa asilimia 10, yaani mara 1.1, basi 1.1 kwa kipeo cha 30 ni kama 17. Muda wa kusubiri hubaki sehemu moja tu kati ya 17.

Hesabu hiyo inagusa uhai wa mtu. Seli nyekundu huchukua sekunde chache tu kupita katika mishipa midogo na kurudi mapafuni kupata oksijeni. Muda wa kusubiri ukiwa mrefu, seli huvuka salama kabla haijapinda. Ukiwa mfupi, seli hukwama njiani. Mwili unapokaukiwa na maji, mkolezo wa himoglobini ndani ya seli huongezeka. Ndiyo maana mgonjwa wa selimundu huhimizwa kunywa maji ya kutosha, hasa wakati wa jua kali na homa.

Kadhalika, hesabu hiyo inaeleza nguvu ya himoglobini ya mimba, aina ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo haijiungi na nyuzi. Dawa ya hidroksiyurea huufanya mwili uendelee kuitengeneza kwa wingi zaidi. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 kutoka Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda yalionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na vipindi vya maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo.

Kutoka damu hadi ubongo

Daktari James Parkinson wa London aliyaeleza maradhi ya kutetemeka mwaka 1817. Mwaka 1912 Friedrich Lewy wa Ujerumani aliona vijidonge vya ajabu ndani ya seli za ubongo wa marehemu waliougua maradhi hayo. Kwa miaka 85 hakuna aliyejua kwa yakini vijidonge hivyo vimefanywa kwa kitu gani. Mwaka 1997 mambo mawili yalifichuliwa kwa pamoja: familia chache zenye maradhi ya Parkinson ya kurithi zilikutwa na badiliko katika jini ya protini iitwayo alfa-sinukleini, na vijidonge vya Lewy vikaonekana kujaa protini hiyo hiyo.

Alfa-sinukleini ni protini ndogo yenye asidi amino 140, na kila mtu anayo katika ubongo wake. Kwa kawaida huelea bila umbo maalumu, na hupatikana kwa wingi katika ncha za seli za neva, mahali ambapo seli moja hupeleka habari kwa nyingine. Inaposhikana ikafanya nyuzi, seli huanza kudhoofika. Zinazoathirika vibaya ni seli zinazotoa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Zikifa nyingi, mkono hutetemeka na hatua huwa nzito.

Tofauti na selimundu ni kubwa. Nyuzi za himoglobini huyeyuka seli inapopata tena oksijeni. Za alfa-sinukleini hudumu. Selimundu hujitokeza kwa sekunde. Parkinson huchukua miaka mingi. Tena damu huchotwa kwa sindano kidoleni, ilhali ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande ili kutazamwa. Kwa sababu hizo watafiti walilazimika kuyatengeneza madonge hayo wenyewe.

Mbegu zinavyotengenezwa

Kazi huanza na bakteria. Jini ya binadamu ya alfa-sinukleini hupandikizwa katika bakteria wa Escherichia coli, nao huitengeneza protini hiyo kwa wingi. Protini husafishwa, kisha huwekwa katika kichupa chenye maji ya chumvi na kutikiswa kwa mashine katika nyuzijoto 37 za sentigredi, ambalo ndilo joto la mwili, kwa muda wa siku kama 7. Mmumunyo uliokuwa angavu huwa na ukungu.

Ukungu pekee si ushahidi, kwa hiyo hufuata ukaguzi wa namna tatu. Kwanza, hutiwa rangi iitwayo thioflavini T, ambayo hung'aa inapojibandika kwenye nyuzi za namna hii. Pili, mmumunyo huzungushwa kwa kasi kubwa mno. Nyuzi hukaa chini, na protini zilizobaki moja moja huelea juu, na zote mbili hupimwa. Tatu, nyuzi hutazamwa kwa hadubini ya elektroni.

Baada ya hapo nyuzi ndefu huvunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la mtu, hadi zikawa vipande vya urefu wa kama nanomita 50. Kila kipande kina ncha ambazo protini nyingine zinaweza kujiunga nazo, na hivyo ni mbegu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza kilichotokea mbegu hizo zilipotiwa juu ya seli za neva za panya zilizooteshwa katika vyombo. Mbegu ziliingia katika seli, na alfa-sinukleini ya seli zenyewe, iliyokuwa na afya, ikaanza kujiunga nazo. Mwaka 2012 watafiti wa chuo hicho walionyesha kwamba mbegu zikipandikizwa katika ubongo wa panya wa kawaida, madonge husambaa kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine, seli za dopamini hufa, na panya hupungukiwa na uwezo wa kwenda vizuri. Wafanyakazi wa maabara hizo huvaa glavu na kinga ya macho, na husafisha meza kwa mmumunyo wa sabuni kali ya SDS, maana kupangusa kwa spiriti hakutoshi kuziondoa nyuzi hizo.

Mwanafunzi aweza kuuliza kama maradhi haya basi yanaambukiza. Hakuna ushahidi kwamba mtu hupata Parkinson kwa kuishi na mgonjwa, kula naye sahani moja au kumuuguza. Kusambaa kunakosemwa hapa ni kutoka seli hadi seli ndani ya ubongo mmoja.

Kutokana na ujuzi huo umepatikana uchunguzi unaofanana na lile tone la damu kwenye kioo. Maji kidogo ya uti wa mgongo ya mgonjwa hutiwa katika alfa-sinukleini safi iliyotengenezwa maabarani, kisha hutikiswa. Iwapo maji hayo yana mbegu, hata chache mno, nyuzi huota na rangi hung'aa. Katika utafiti wa watu 1,123 uliochapishwa mwaka 2023, uchunguzi huo uliwatambua takriban asilimia 88 ya wagonjwa wa Parkinson waliopimwa.

Mipaka ya chupa

Kilichomo chupani hakilingani sawasawa na kilichomo kichwani. Mwaka 2022 nyuzi zilizotolewa katika ubongo wa marehemu waliougua Parkinson zilichunguzwa kwa hadubini za elektroni za kisasa, zikaonekana zimekunjwa kwa namna tofauti na nyuzi zinazotengenezwa maabarani. Chumvi ikibadilishwa kidogo katika chupa, umbo la nyuzi nalo laweza kubadilika. Tena, panya hupewa mbegu nyingi kwa siku moja, ilhali mzee huugua polepole.

Mwaka huo huo wa 2022 yalichapishwa matokeo ya kingamwili mbili zilizokusudiwa kuzinasa alfa-sinukleini kwa wagonjwa wa Parkinson. Hakuna iliyofikia lengo kuu la jaribio lake. Dawa zinazotumika sasa, levodopa ikiwa ya kwanza, humpunguzia mgonjwa dalili kwa kufidia dopamini, hazizuii madonge. Kwa hiyo upande wa ubongo bado haujafika pale ulipofika upande wa damu, ambako kupima muda wa kuganda kulisaidia kueleza dawa inamfaaje mtoto wa Kilifi.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na vifaa vya gharama yaweza kuonyesha kazi ya mbegu kwa kutumia shabu, ile chumvi ya mawe meupe inayotumika kutuliza tope katika maji.

Gramu 25 za shabu zimumunyishwe katika mililita 100 za maji ya moto, na maji yachujwe kwa karatasi safi. Yagawanywe katika gilasi mbili safi, zifunikwe, na ziachwe bila kuguswa mpaka zipoe kabisa. Kisha punje moja ndogo ya shabu idondoshwe katika gilasi ya kwanza tu. Wanafunzi waandike kila baada ya dakika 5 wanachokiona. Katika gilasi yenye punje, fuwele zitaota kuizunguka. Gilasi ya pili aghalabu hukawia. Jaribio lirudiwe kwa gramu 22 na kwa gramu 28, na mchoro uchorwe wa muda dhidi ya kiasi cha shabu.

Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba fuwele ya shabu si protini, na kwamba maji hayo hayanywewi. Kinachofanana ni kanuni: mwanzo ni mgumu, na mbegu hufupisha kungoja.

Yanayohitajika nyumbani

Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 huko Wawi karibu na Chake Chake, ina jina la mtaalamu wa vimelea wa Italia aliyefanya kazi Pemba. Ilijengwa kwa ajili ya maradhi yaliyokuwa yakiwasumbua zaidi wakazi, kama vile kichocho na minyoo, na mfano wake unaonyesha kwamba utafiti wa kiwango cha juu waweza kufanyika kisiwani. Utafiti wa madonge ya protini unataka vitu vya ziada, kwa mfano friji za nyuzi 80 chini ya sifuri na umeme usiokatika. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga.

Hata hivyo jambo la kwanza halihitaji friji. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu wapatao 161,000. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa wagonjwa 33 wa Parkinson, na walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa na tabibu yeyote kwamba wana maradhi hayo. Walikuwa na ugonjwa wenye jina na wenye dawa ya kupunguza dalili, wala hawakujua.

Mtoto anayelia viungo kila mara apelekwe kupimwa damu. Mzee ambaye mkono wake hutetemeka ukiwa umetulia, na hatua zake zimefupika, apelekwe hospitali akaangaliwe, asiachwe kibarazani kwa kuwa ni mzee. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa jinsi protini zinavyoganda anaweza kuyaeleza hayo nyumbani kwao kwa lugha ambayo bibi na babu wataifahamu.